Kukata Picha Bila Kumkata Mtu: Jinsi ya Kuondoa Mandharinyuma na Kuacha Ukingo Safi

Katika maduka madogo ya uchapishaji yaliyo karibu na Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, siku ngumu kuliko zote ni Alhamisi. Kwa kawaida maiti hutolewa mochari Ijumaa na mazishi huwa Jumamosi, kwa hiyo Alhamisi jioni ndipo familia hufika na simu mkononi, ikitafuta picha moja ambayo marehemu anaonekana vizuri. Mara nyingi picha hiyo huwa ilipigwa kwenye harusi ya mtu mwingine: marehemu amesimama katikati ya watu sita, bega lake moja limefunikwa na shangazi, na nyuma yake kuna hema jeupe na ubavu wa gari. Ombi huwa fupi: "Mtoe hapo, umweke peke yake."

Maelezo yanayofuata ni ya mtu anayetaka kulitimiza ombi hilo, iwe ni kwa ajili ya kijitabu cha mazishi, bango la mkahawa, fulana za timu au stika ya kubandika kwenye pikipiki. Kuondoa mandharinyuma si kazi ngumu tena, kwa kuwa mashine huifanya kwa sekunde chache. Kigumu ni ukingo, yaani ule utepe mwembamba wa pikseli (vijinukta vya rangi vinavyounda picha) mbili au tatu ambapo mwili unaishia na vitu vya nyuma vinaanzia. Hapo ndipo mteja hugundua, hata kama hana maneno ya kueleza, kwamba mtu amebandikwa.

Uwazi ni nini, na kwa nini faili nyingine haziubebi

Picha ya kawaida huhifadhi viwango vitatu vya rangi kwa kila pikseli, yaani nyekundu, kijani na buluu. Picha yenye uwazi huongeza kiwango cha nne kiitwacho alfa, ambacho kwa kawaida huanzia 0 hadi 255. Pikseli yenye alfa ya 0 haionekani kabisa, yenye 255 haipitishi chochote kilicho chini yake, na yenye 128 huonyesha nusu ya rangi yake na nusu ya kilicho chini, kama shela ya bibi harusi inavyofanya mbele ya uso. Wazo hilo lilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 na wataalamu wa michoro ya kompyuta Ed Catmull na Alvy Ray Smith, na thamani yake kwetu imo katika namba za katikati, kwa sababu ukingo wa bega au wa nywele haukatiki ghafla bali hupita polepole kutoka 255 hadi 0.

Faili ya JPEG haina mahali pa kuiweka alfa. Faili ya GIF hutambua hali mbili tu, wazi au isiyo wazi, na ndiyo maana kingo zake huonekana kama meno ya msumeno. Faili ya PNG, ambayo ilipitishwa rasmi kuwa kiwango cha wavuti mwezi Oktoba mwaka 1996, hubeba ngazi zote za alfa, na WebP nayo vilevile. Katika kazi ya uchapishaji mdogo, jibu ni PNG.

Somo hili nililipata kwa fedheha. Katika miezi yangu ya kwanza nilimkata mama mmoja kwa uangalifu kuanzia magharibi hadi saa tano usiku, kisha kwa mazoea nikaihifadhi kazi katika JPEG na kuipeleka ikachapishwe kwenye bango la zambarau la mita mbili. Bango lilirudi likiwa na kisanduku cheupe kikubwa kumzunguka mama yule, kama mtu aliyesimama mlangoni. Programu ilikuwa imeujaza uwazi wote rangi nyeupe, nami sikuwa nimelifungua faili tena kulikagua. Gharama ya bango la pili niliilipa mwenyewe.

Kwenye skrini, programu nyingi huonyesha uwazi kwa vijiraba vya kijivu na vyeupe vilivyopangwa kama ubao wa drafti. Vijiraba hivyo si sehemu ya picha wala havichapwi. Hata hivyo, tahadhari inahitajika unapopakua nembo au maua kutoka kwenye intaneti, kwa maana ziko picha nyingi ambazo vijiraba hivyo vimechorwa ndani yake kabisa, na mtu hugundua udanganyifu huo anapoiweka picha juu ya rangi na kuona drafti imekuja nayo.

Kabla ya kukata

Uliza kwanza kama kuna picha nyingine. Swali hili huokoa muda kuliko ujuzi wowote wa kompyuta, kwa sababu familia huleta picha inayoipenda, si picha inayokatika. Picha inayokatika vizuri ni ile ambayo kichwa cha mhusika kiko mbele ya kitu chenye rangi tofauti na nywele zake, mikono yake haijashikwa na mtu, na nuru haijampiga kutoka utosini. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo picha iliyopigwa nje saa sita mchana huja na vivuli vyeusi chini ya nyusi na pua, na hakuna ukataji utakaovifuta.

Jambo la pili ni ukubwa. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na upande wake mrefu hubaki na pikseli zipatazo 1600. Tuseme marehemu amechukua robo ya upana wa picha hiyo ya watu sita: atakuwa na pikseli 400 kwa upana. Uchapishaji mzuri wa karatasi huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo mtu huyo anatosha inchi moja na theluthi, yaani takriban sentimita 3.4, wakati jalada la kijitabu cha A5 peke yake linahitaji picha ya pikseli 1748 kwa 2480. Mwombe mwenye picha aitume upya kama hati badala ya kama picha, kwa kuwa hati haipunguzwi, au aje na simu yenyewe uinakili kwa waya. Mabango makubwa yanayotazamwa kwa mbali huvumilia pikseli chache zaidi kwa inchi, lakini hayafanyi miujiza.

Ikiwa wewe ndiwe unayepiga picha, mweke mhusika kama mita mbili mbele ya ukuta usio na mapambo, kivulini, huku uso wake ukielekea kwenye mwanga. Wengi hukimbilia bustani, na kwa macho bustani inapendeza, lakini nyasi hurusha mwanga wa kijani chini ya kidevu na kwenye kola nyeupe, na kijani hicho hubaki kwenye ngozi hata baada ya bustani kuondolewa.

Mashine ifanye sehemu yake

Anza na njia ya haraka uone itakufikisha wapi. Simu za iPhone, tangu mfumo wa iOS 16 wa mwaka 2022, humwezesha mtu kubonyeza mhusika kwa muda na kumnyanyua kutoka kwenye picha, na simu kadhaa za Android zina uwezo wa namna hiyo. Zipo pia tovuti kama remove.bg, ingawa huduma nyingi za aina hii hutoa bure picha ndogo na kuiuza ile kubwa, jambo ambalo mtu hupaswa kulijua kabla ya kumpangia mteja bei. Kwa stika ya WhatsApp, ambayo ukubwa wake ni pikseli 512 kwa 512, matokeo ya simu yanatosha na huna haja ya kuendelea kusoma.

Mashine hizi zimefunzwa kwa picha nyingi ili zikisie ni pikseli zipi ni za mhusika na zipi ni za nyuma. Hukisia vizuri mtu akiwa peke yake mbele ya ukuta. Hukosea pale ambapo koti jeusi limegusana na mlango mweusi, hujaza pengo lililo kati ya mkono na kiuno, na hula kwa urahisi kitu chembamba kama mkongojo wa mzee au mkono wa miwani. Katika picha ya watu waliokumbatiana hubakiza wote, kwa sababu wote ni watu na mashine haijui marehemu ni yupi.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la nywele. Nywele za kipilipili zilizoachwa zikue huwa na ukingo wenye matundu madogo ambamo mwanga hupita, na mara nyingi mashine huuona ukingo huo kama ukungu, ikaunyoa na kuacha fuvu laini lililoviringana. Niliwahi kumwonyesha mteja kazi ya namna hiyo, mama wa makamo aliyekuja kwa ajili ya dada yake. Aliitazama skrini kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, huyu si dada yangu. Dada yangu hakuwa amenyoa." Nikamjibu, "Pole, mama. Nitazirudisha." Kuzirudisha kulinichukua dakika arobaini, na jinsi ya kufanya hivyo nitaieleza hapa chini.

Neno kuhusu siri za watu: picha unayoipakia kwenye tovuti huenda kwenye seva ya mtu usiyemjua. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na data ya mtoto huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Kwa picha za watoto na za wagonjwa mimi hutumia programu iliyo ndani ya kompyuta yangu. Ipo programu huria iitwayo rembg ambayo, ikishasakinishwa, hufanya ukisiaji uleule bila kutuma picha popote, na Photopea, ingawa hufunguliwa kwa kivinjari, huihariri picha ndani ya kompyuta ya mtumiaji mwenyewe.

Kukata kwa mkono

Nitatumia GIMP, programu huria isiyolipiwa ambayo toleo lake la 3.0 lilitoka mwezi Machi mwaka 2025. Hatua hizi hufanyika vilevile katika toleo la 2.10, ambalo bado limo katika kompyuta nyingi za saiba. Anayetumia Photoshop atakuta zana zilezile kwa majina yanayokaribiana.

Fungua picha, kisha nakili tabaka lake (layer, yaani moja ya karatasi angavu zinazolaliana kuunda picha) ili la awali libaki chini bila kuguswa, na ulifiche kwa kubonyeza alama ya jicho. Kwenye menyu ya Layer, chini ya Transparency, chagua Add Alpha Channel. Maneno hayo yakiwa yamefifia, tabaka lako tayari lina alfa. Kisha ufanye jambo ambalo watu wengi huliruka: unda tabaka jipya chini ya mhusika na ulijaze rangi ileile ambayo picha itachapishwa juu yake. Ikiwa jalada litakuwa la zambarau, jaza zambarau. Usikate huku ukitazama drafti, wala usikate juu ya nyeupe, kwa sababu ukungu mweupe uliobaki kwenye mabega hauonekani juu ya nyeupe, na juu ya zambarau unang'aa kama chaki.

Bonyeza herufi B ili upate zana ya njia (Paths), na uikuze picha hadi asilimia 200 au 300. Zana hii huweka nukta, na kati ya nukta na nukta huchora mstari unaoweza kupindwa kwa kuuvuta. Weka nukta pale tu ambapo ukingo unabadili mwelekeo: bega hutosheka na tatu, sikio na nne au tano. Anayeanza huweka nukta kila baada ya milimita moja, na matokeo yake ni bega lenye mabonde kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Tembeza mstari wako ndani ya mwili kwa pikseli moja, usitembee juu ya mpaka wenyewe, kwa kuwa pikseli ya mpakani tayari imechanganyika na rangi ya nyuma. Utakapozunguka na kurudi ulikoanzia, shikilia Ctrl na ubonyeze nukta ya kwanza ili kuifunga njia, kisha ubonyeze Enter ili njia igeuke kuwa eneo lililochaguliwa. Utaona vidoti vinavyotembea kulizunguka eneo hilo mfano wa safari ya siafu.

Sasa usifute chochote. Raba ndiyo zana ambayo kila mtu huikimbilia, na ndiyo inayowafanya waanze upya, kwa sababu ilichokifuta hakirudi faili ikishafungwa. Badala yake, nenda kwenye menyu ya Layer, chini ya Mask, uongeze maski ya tabaka na uchague itokane na Selection. Maski ni picha ya pili isiyo na rangi, iliyolalia ile ya kwanza: palipo peupe mhusika huonekana, palipo peusi hufichika, na palipo na kijivu huonekana kwa kiasi. Ukikosea, unapaka nyeupe na bega linarudi. Herufi D hurudisha rangi za brashi kuwa nyeusi na nyeupe, na herufi X huzibadilishana, hivyo mkono wa kushoto unaweza kukaa kwenye kibodi huku wa kulia ukiendesha kipanya.

Kingo za mtu mmoja hazifanani. Katika picha nyingi paji la uso na kola huwa vimeonekana kwa ukali, ilhali bega lililo mbali zaidi na kamera huwa limefifia kidogo. Anayelainisha ukingo wote kwa kipimo kimoja humfanya mtu aonekane amekatwa kwa mkasi upande mmoja na kupigwa na moshi upande mwingine. Mimi hulainisha kwa pikseli moja tu mwanzoni, kisha kwa brashi laini, juu ya maski, hupita kwenye sehemu zilizofifia peke yake.

Pengo lililo kati ya mkono na kiuno lichague kivyake na ulipake nyeusi kwenye maski. Pikipiki ni mtihani mkubwa zaidi wa jambo hili. Kijana wa boda boda kutoka Kondele aliwahi kutaka yeye na pikipiki yake wawekwe kwenye stika, na kila gurudumu lilikuwa na spoki nyingi ambazo kati yake ilionekana lami. Kwa stika ya ukubwa wa kiganja, njia ya busara ilikuwa kuificha nafasi yote ya ndani ya ringi na kuzichora spoki upya kwa mistari myembamba ya kijivu kwenye tabaka la juu. Kuzikata moja moja kungechukua usiku mzima, na hakuna ambaye angeona tofauti.

Na lile bega lililofunikwa na shangazi? Halimo kwenye picha, kwa hiyo haliwezi kukatwa. Waweza kulinakili bega la upande wa pili, kuligeuza na kulipachika, na kwa vazi lisilo na maua wala mistari hilo hufaulu. Kwa kitenge halifaulu, kwani maua yatajirudia na jicho litayakamata. Ni afadhali kuiishia picha juu ya kifua, au kuififisha sehemu ya chini kwa kupaka kijivu kinachoingia polepole hadi nyeusi kwenye maski.

Nywele, vilemba na vitu vinavyopitisha mwanga

Kwa nywele usitumie njia wala nukta. Acha picha yenyewe ijikate, kwa kutumia tofauti ya weusi wa nywele na weupe wa nyuma yake, ikiwa tofauti hiyo ipo. Nakili tabaka la picha kwa mara nyingine, uliongezee maski, na safari hii uchague itokane na nakala ya kijivu ya tabaka lenyewe. Kwa kuwa nywele ni nyeusi, maski itazificha na kuonyesha anga, kwa hiyo igeuze kinyume. Kisha, maski ikiwa ndiyo iliyochaguliwa, fungua zana ya Levels, inayorekebisha weusi na weupe, na usogeze vidude vya kando kuelekea katikati hadi anga iwe nyeusi kabisa na nywele ziwe nyeupe, ukisimama kabla vijitundu vya ukingoni havijazibika. Uso na shingo, ambavyo vitakuwa na madoa ya kijivu, vipake nyeupe kwa brashi. Mwishowe, upande wa nje wa mabega upake nyeusi, ili tabaka hili libaki na kazi ya nywele tu na lile la njia libaki na kazi ya mwili.

Anga la buluu husaidia hata zaidi. Katika chaneli ya buluu, yaani kiwango cha buluu kikitazamwa peke yake, anga huwa jeupe sana na nywele nyeusi hubaki nyeusi, kwa hiyo nakala ya chaneli hiyo hutoa maski bora kuliko nakala ya rangi zote. Picha zilizopigwa ufukweni Dunga, kichwa kikiwa juu ya mstari wa ziwa, hukatika kwa njia hii kwa dakika tano.

Nyuma ikiwa na giza au majani mengi, njia hiyo hukwama, na hapo mtu hana budi kuchora. Chukua brashi ndogo ya pikseli mbili au tatu, na kwenye maski uvute vijistari vifupi vyeupe kutoka ndani ya nywele kuelekea nje, visivyolingana urefu. Nywele za kipilipili hutaka brashi ya vidoti vilivyotawanyika, na misuko hutaka mistari mirefu michache. Huna haja ya kuufuata kila unywele halisi. Mtazamaji hupima umbo la kichwa kwanza, na umbo likiwa sahihi, mengine huyasamehe.

Kilemba cha kitambaa kizito hukatwa kama bega. Shela, neti na glasi ya maji hukatwa kwa kijivu: zungushia mpaka kwa njia, kisha ndani yake upake maski kwa kijivu cha kati ili rangi ya chini ipite. Ngege aliyekaangwa mzima, ambaye wenye mikahawa humpenda kwa mabango yao, ana mapezi yanayopitisha mwanga kidogo kwenye ncha, na ncha hizo zikiachwa na mpaka mkali samaki huonekana wa plastiki.

Rangi iliyobaki ukingoni, na kivuli

Baada ya yote hayo, angalia tena juu ya tabaka lako la zambarau. Huenda ukaona utando mwembamba wa rangi ya mahali pa zamani: mweupe kama mhusika alikuwa mbele ya hema, wa kijani kama alikuwa mbele ya ua. Kuna wanaoutibu kwa kuupunguza ukingo kila mara hadi mtu akonde. Njia iliyo bora ni kuibadili rangi yenyewe. Bonyeza picha, si maski, uchukue kwa sindano ya rangi (Color Picker) weusi wa nywele zilizo ndani kidogo, kisha upake kwa brashi laini juu ya ukingo, hali ya brashi ikiwa ni ile inayotia giza tu, yaani Darken only. Kwa kuwa maski ndiyo inayoamua kinachoonekana, rangi uliyoipaka nje ya kichwa haitaonekana, na ile iliyoangukia kwenye vijinywele itaufukuza weupe. Kwa bega tumia rangi ya nguo kwa utaratibu huohuo.

Mtu aliyekatwa hadi miguuni, au sahani ya samaki, huhitaji kivuli. Kile cha awali huwa kimeondoka pamoja na sakafu. Kitengeneze kwenye tabaka jipya lililo chini ya mhusika kwa brashi nyeusi laini, upunguze ukolezi wake (Opacity) hadi karibu asilimia 40, na ukipeleke upande ulio kinyume na nuru inayoonekana usoni. Picha inayoishia kifuani haihitaji kivuli chochote, na ile mitindo ya kuwatia marehemu mwanga wa dhahabu unaowazunguka kichwa kama watakatifu naona ingefaa kupumzishwa, ingawa nikiombwa na familia huiweka.

Liko ombi moja ambalo nalikataa. Wakati wa kampeni huja watu wanaotaka wakatwe na kuwekwa bega kwa bega na kiongozi ambaye hawajawahi kukutana naye, ili picha ionekane ya kweli. Kumweka mtu mbele ya rangi au maua ni mapambo, lakini hilo ni ushahidi wa uongo, na ukingo ukiwa safi ndivyo uongo unavyozidi kuwa mbaya.

Kuhifadhi na kupeleka kwa mchapaji

Hifadhi kazi mara mbili. Kwanza iweke katika faili ya XCF, ambayo ni ya GIMP yenyewe na hutunza matabaka na maski zote. Kisha lifiche tabaka la rangi, uhakikishe drafti imerudi, na uitoe picha kupitia File na Export As ukiandika jina linaloishia na .png. Ifungue PNG hiyo uitazame kabla ya kuituma. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha, itageuzwa na kurudi na mandhari nyeupe au nyeusi, kwa hiyo itume kama hati, au uipeleke kwa flashi.

Fulana zina kanuni yake. Katika uchapishaji wa filamu unaobandikwa kwa joto, mashine huweka wino mweupe chini ya rangi ili picha ionekane kwenye kitambaa cheusi, na pikseli zilizo nusu wazi hupata wino huo mweupe pia, zikaacha mpaka wa madoadoa kuzunguka picha. Kwa kazi hiyo, tengeneza nakala ya pili ambayo ukingo wake ni mkali, usio na kijivu kingi kwenye maski, hata kama kwenye skrini utaonekana umekatwa kwa wembe. Vivuli laini viondoe kabisa.

Faili ya XCF usiifute mteja anapoondoka na kijitabu cha mfano. Ijumaa asubuhi, kabla gari halijaenda mochari, kuna mtu atakayerudi kusema kwamba akina mama wa kanisa wamekwisha kushona sare za kijani, kwa hiyo zambarau haifai tena. Aliyetumia raba ataanza upya. Aliyetumia maski atajaza kijani kwenye tabaka la chini, atakagua mabega na nywele kwa rangi hiyo mpya, na kutoa PNG nyingine kabla mgeni hajamaliza chai.